Maswali na Majibu: Ukilala Katika Hoteli Kubwa ya Katikati ya Jiji

Safu ya mwezi huu tumeiachia barua za wasomaji wa Mtwara na Lindi waliolala katika hoteli za kampuni kubwa zenye matawi, nyingi zikiwa katikati ya Jiji la Dar es Salaam, walikokwenda kwa semina, matibabu, maonyesho au biashara. Barua zilizofanana nimeziunganisha. Majina ya walioandika na ya hoteli walizozilalamikia nimeyaacha, kwa sababu ninachotaka msomaji apate ni namna hoteli hizi zinavyoendeshwa, ili akifika pale mapokezi ajue aulize nini na amuulize nani. Ninajibu kama mtu aliyefanya kazi ya mapokezi katika hoteli za namna hiyo kabla ya kurudi nyumbani Mtwara.

Fedha zangu zilikwenda wapi?

*Shikamoo Mama. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mtwara. Nilikwenda semina Dar es Salaam, na waandaaji walilipia chumba pamoja na chai ya asubuhi. Nilipofika mapokezi, dada aliyekuwepo aliomba kadi yangu ya benki, akaiweka kwenye mashine na kuniambia nibonyeze namba ya siri. Jioni nikapata ujumbe kwamba salio langu limepungua kwa Sh 200,000. Siku ya kuondoka niliambiwa sidaiwi kitu, lakini nimerudi Ligula na wiki nzima imepita, mashine ya kutolea fedha bado inaonyesha pungufu. Je, nimeibiwa?*

Marahaba, mwanangu. Hukuibiwa, ila ulitendewa jambo ambalo ulistahili kuelezwa kabla kadi yako haijagusa mashine. Hoteli hizi humtaka kila mgeni, hata yule aliyelipiwa chumba, aweke dhamana kwa ajili ya vitu ambavyo mwenyeji wake hakuvilipia: chakula cha usiku kinachoandikwa kwa namba ya chumba, soda inayotolewa kwenye friji ndogo, nguo zinazopelekwa kwa dobi, simu inayopigwa kutoka chumbani. Mashine haikuzihamisha fedha zako kwenda katika akaunti ya hoteli. Iliiomba benki yako izifungie pembeni ili hoteli iwe na hakika kwamba zipo, na siku ya kuondoka hoteli hutakiwa kuchukua kile tu ulichotumia na kuziachia zilizobaki. Mwenye kadi ya mkopo hausikii sana uzito wa jambo hili, kwa kuwa kinachopungua kwake ni kiasi anachoruhusiwa kukopa. Wewe na mimi, ambao kadi zetu zinachota moja kwa moja kwenye akaunti ya mshahara, kinachofungiwa ni fedha ya unga na ya nauli.

Ucheleweshaji mara nyingi huanzia palepale mapokezi. Asubuhi wageni wanapokuwa wengi, mpokezi humwambia mgeni kwamba hadaiwi, akampungia mkono wa kwaheri, na asitume taarifa ya kuzifungua zile fedha. Basi zinakaa mpaka muda wake wa kufungiwa uishe wenyewe. Na hata taarifa ikitumwa kwa wakati, hupita kwenye benki ya hoteli, kisha kwenye mtandao wa kadi, ndipo ifike kwenye benki yako, na ikiangukia mwisho wa wiki au sikukuu, siku kadhaa hupotea njiani.

Safari nyingine, kabla hujaitoa kadi mkononi, uliza: mnafungia kiasi gani, na zitafunguliwa lini? Unaweza kuomba uweke dhamana ya fedha taslimu na upewe stakabadhi, au uwaombe waondoe vinywaji katika friji na wafunge simu na huduma zote za kuandikishwa kwenye chumba. Hoteli nyingi, zikiambiwa hivyo, hupunguza dhamana au huiacha kabisa. Siku ya kuondoka usiridhike na neno la mdomo. Omba karatasi inayoonyesha kwamba fedha zimeachiwa, yenye namba ya idhini ya muamala. Karatasi hiyo ndiyo itakayomsaidia ofisa wa benki yako hapa Mtwara kuzitafuta. Bila hiyo atakachoweza kukuambia ni kusubiri. Kwa sasa ipigie simu hoteli, umtake mhasibu, si mapokezi, umpe tarehe, namba ya chumba na tarakimu nne za mwisho za kadi. Usimpe tarakimu nyingine yoyote, wala namba ya siri.

Waandaaji wa semina nao wananihuzunisha. Barua moja ya kuidhamini idadi ya washiriki ingewaepusha walimu na wauguzi na jambo hili, na mara nyingi haiandikwi.

Jina langu lilikuwepo, chumba hakikuwepo

*Ndugu mwandishi, mimi ni mfanyabiashara wa Lindi mjini. Mwanangu alinitafutia chumba kwa programu ya simu katika hoteli ya ghorofa nyingi karibu na Posta, wakati wa maonyesho ya Sabasaba. Basi lilichelewa, nikafika hotelini saa nne usiku. Kijana wa mapokezi aliliona jina langu kwenye kompyuta, kisha akasema vyumba vimejaa. Niliondoka na begi langu, nikaenda kulala gesti Mbagala. Inawezekanaje mtu awe na nafasi na asiwe na chumba?*

Pole sana, ndugu yangu. Inawezekana, na haikutokea kwa bahati mbaya. Hoteli kubwa huuza vyumba vingi kidogo kuliko ilivyonavyo, kama mashirika ya ndege yanavyofanya kwa viti, kwa sababu kila siku kuna watu waliohifadhi nafasi na wasitokee, na chumba kilicholala kitupu usiku wa leo hakiwezi kuuzwa tena kesho. Siku za kawaida hesabu hiyo hutimia bila mgeni yeyote kujua. Wakati wa Sabasaba watu wote hutokea. Wa Lindi tunaujua msongamano wa namna hii kutokana na wiki ya Nanenane, uwanja wa Ngongo unapojaza gesti zote za mji. Tofauti ni kwamba gesti zetu humpa chumba aliyeshika fedha mlangoni, wakati hoteli ya jiji imekwisha kukupa ahadi kabla hujapanda basi.

Sasa kuna jambo la kulipima kwanza: je, nafasi yako ilithibitishwa kwa malipo au kwa kadi, au ilikuwa ya kutajwa jina tu? Katika hoteli nyingi nafasi isiyo na malipo wala kadi hushikiliwa mpaka saa kumi na mbili jioni, na baada ya hapo huuzwa kwa mwingine bila kukosewa mtu. Ikiwa yako ilikuwa hivyo, hoteli haikukudhulumu, ingawa mpokezi angeweza kukueleza vizuri zaidi. Lakini ikiwa ililipiwa, au kadi iliwekwa, ulikuwa na haki kubwa kuliko ile uliyoondoka nayo. Desturi ya kazi hii, ambayo kampuni nyingi zenye matawi zimeiandika katika taratibu zake, ni kwamba hoteli iliyokosa chumba humtafutia mgeni chumba cha hadhi ileile au ya juu zaidi katika hoteli nyingine ya jirani, ikalipa yenyewe usiku huo, ikalipa na gari la kumpeleka, ikampa simu awajulishe watu wake, na kesho yake ikamrudisha akitaka. Huo si msaada wa kuombwa kwa unyenyekevu.

Unaposimama pale usiku, usigombane na usiondoke. Mwambie yule kijana: naomba meneja wa zamu. Meneja akija, muonyeshe namba ya uthibitisho kwenye simu, kisha umuulize unapelekwa hoteli gani, nani analipa chumba hicho, na nani analipa gari, na usubiri majibu yote ukiwa hapohapo mbele ya kaunta, kwa sababu mgeni akishatoka nje na begi lake, katika kompyuta huandikwa kwamba aliondoka kwa hiari.

Nitakueleza pia jinsi anayepelekwa kwingine anavyochaguliwa, kwa kuwa nimekuwa upande wa pili wa kaunta. Jioni, idadi ya wanaokuja ikiwa kubwa kuliko vyumba, orodha hupitiwa jina kwa jina. Anayekaa usiku mmoja hutangulia kutolewa kuliko anayekaa wiki nzima, aliyepitia programu ya watu wengine kwa bei ya chini hutangulia kuliko aliyehifadhi kwa hoteli yenyewe, na mwanachama wa mpango wa wageni wa kudumu haguswi. Baada ya hapo ni suala la nani kafika mapema. Mtu wa kusini, anayekuja kwa basi la kilomita zipatazo 450, karibu kila kigezo kinamwangukia.

Kwa hiyo piga simu. Mchana wa siku ya safari, ipigie hoteli yenyewe, si ile programu, uwaambie kwamba utafika saa nne usiku na chumba usiuziwe mtu, na uandike jina la aliyepokea. Basi likichelewa utakuwa umekwisha kujua ukiwa Nangurukuru au Ikwiriri, basi piga tena kutoka huko. Jina ambalo mpokezi ameliandikia kwa mkono wake kwamba mgeni yuko njiani, ni vigumu sana kulifuta.

Kuhusu fedha, kama mwanao alilipa, aandike barua ya kudai kwa aliyezipokea, iwe hoteli au programu, akiambatisha uthibitisho na tiketi ya basi. Wakikataa bila sababu, malalamiko ya walaji hupelekwa Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003.

Mjomba alizuiwa kwenye lifti

*Shikamoo Mama. Ni muuguzi kutoka Mikindani. Niliwabebea ndugu zangu wa Dar es Salaam pweza mkavu na korosho. Mjomba alipokuja kuchukua mzigo, mlinzi alimzuia kwenye lifti mbele za watu, naye ni mtu mzima. Kesho yake nikadaiwa Sh 100,000 za kuondoa harufu chumbani. Nilizilipa kwa aibu.*

Marahaba, binti yangu. La mjomba ndilo lililoniuma. Hoteli ina haki ya kumtaka mgeni wa mgeni aandikishwe: lifti nyingi haziendi ghorofani bila kadi ya chumba, bei ya chumba huhesabiwa kwa vichwa, na ukitokea moto lazima ijulikane nani yumo ndani ya jengo. Lakini utaratibu huo haumkatazi mlinzi kutoa shikamoo, kumpa mzee kiti na kumpigia simu mwenyeji wake chumbani. Ulipaswa kulisema hilo kwa meneja siku ileile, na bado unaweza kuliandika. Siku nyingine waarifu mapokezi mapema kwamba unamtarajia mjomba, umtaje jina, kisha ukutane naye ukumbini hapo chini. Kukaa na kuzungumza katika viti vya ukumbini hakulipiwi, na hamlazimiki kuagiza kitu.

Kuhusu ile laki moja, hoteli inaweza kudai gharama ya usafi usio wa kawaida ikiwa sharti hilo uliliona au ulilitia sahihi ulipoingia, na ikiwa kweli chumba kilishindikana kuuzwa. Ungeomba kuonyeshwa sharti lenyewe na kupewa risiti ya mashine ya kodi yenye maelezo ya malipo hayo. Wanaotoza bila msingi mara nyingi hurudi nyuma wakiombwa risiti.

Pweza naye ana njia yake. Mpange katika ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kubana, uizungushie utepe wa gundi, na ukifika usipande nayo chumbani. Ikabidhi kwa wabeba mizigo pale mlangoni, upewe kibati chenye namba. Wana stoo. Mjomba akija, atapewa kwa namba hiyo hata kama wewe uko semina. Korosho hazina tatizo, nenda nazo.

Jina moja, hoteli mbili tofauti

*Ndugu mwandishi, ninafanya kazi za bandari Mtwara na husafiri mara kwa mara. Nililala Nairobi katika hoteli ya jina fulani nikaridhika sana. Nikatafuta jina hilohilo Dar es Salaam, nikakuta zulia lililochakaa, maji ya moto yanayokuja na kukatika, na kifungua kinywa duni. Kama kampuni ni moja, kwa nini huduma si moja?*

Kwa sababu jina ni la mmoja na nyumba ni ya mwingine. Watu wengi hudhani kwamba kampuni iliyoandikwa juu ya paa ndiyo iliyojenga jengo na kuajiri wapishi. Zamani ilikuwa hivyo kwa kiasi, lakini siku hizi kampuni kubwa za hoteli humiliki majengo machache sana kati ya yale yenye majina yao. Mwenye jengo huingia mkataba: ama kampuni inaleta mameneja wake na kuiendesha hoteli kwa niaba yake, ama mwenye jengo anaiendesha mwenyewe na kulipia haki ya kutumia jina, mfumo wa kuhifadhi nafasi na kitabu cha viwango. Katika namna hii ya pili, zulia jipya linatoka mfukoni mwa mwenye jengo, naye ndiye anayeamua libadilishwe mwaka huu au lisubiri.

Ndiyo maana jengo hubaki na jina likaondoka. Ile iliyofunguliwa mwaka 1965 kama Kilimanjaro Hotel, pale Kivukoni, baadaye iliitwa Kempinski, na leo ni Hyatt Regency. Jengo halijahama hatua moja.

Wazo lenyewe la kuuza ufanano lilipata nguvu Marekani. Mwaka 1952 Kemmons Wilson alifungua Holiday Inn ya kwanza mjini Memphis, baada ya kusafiri na familia yake na kuchoshwa na nyumba za wageni zilizotofautiana kwa usafi na zilizomtoza kwa kila mtoto. Alitaka msafiri ajue atakachokikuta kabla hajafungua mlango, na watoto walale bure na wazazi wao. Mpaka leo katika hoteli nyingi za namna hii mtoto anayelala kitanda kimoja na wazazi halipiwi chumba, lakini umri wa mwisho hutofautiana, na chai yake ya asubuhi inaweza kutozwa, kwa hiyo uliza.

Ushauri wangu ni kwamba usichague kwa jina peke yake. Tazama jengo lilifanyiwa ukarabati lini, soma maoni ya wageni wa miezi ya karibuni na uyaache ya miaka mitatu nyuma, na hasa uyatafute yanayotaja maji, kiyoyozi na kelele za barabarani, kwa kuwa hayo matatu ndiyo huharibu usingizi wa katikati ya jiji. Na ukikuta kasoro kama hizo, iandikie kampuni ya jina pamoja na hoteli yenyewe. Mwenye jengo anaweza kuipuuza barua yako, lakini anaiogopa kampuni inayoweza kumnyang'anya jina.

Maji ya chooni na kibla

*Assalamu alaikum. Mimi ni mama wa Lindi. Chooni palikuwa na karatasi tu, hapakuwa na bomba la mkono wala kopo. Na kibla sikuijua. Niliona haya kuuliza.*

Waalaikum salaam, dada yangu. Usione haya, maombi haya wahudumu wa vyumba huyapata kila siku. Piga namba ya huduma za vyumba uombe jagi la plastiki na mkeka wa kusalia. Hoteli nyingi za Dar es Salaam huvihifadhi vyote viwili. Mshale wa kibla mara nyingi hubandikwa ndani ya droo ya meza ya kitandani au kwenye dari, na usipouona, jua kwamba kutoka Dar es Salaam, kama kutoka Lindi kwetu, Makka iko karibu kaskazini kabisa. Dira ya simu ndani ya jengo lenye vyuma vingi inaweza kupotoka, basi ni heri kumuuliza mhudumu. Asubuhi mezani, soseji zisizo na maandishi usizichukue kabla hujamuuliza mpishi ni za nyama gani.

Bei ya mdomo na bei ya ankara

*Mimi ni fundi, natoka Nachingwea. Niliambiwa kwa simu chumba ni Sh 200,000. Nililala siku tatu, nikadaiwa Sh 708,000. Na mwenzangu aliandikiwa bei yake kwa dola. Ipi ni halali?*

Tofauti yako ya Sh 108,000 ni kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18. Aliyepokea simu alikutajia bei kabla ya kodi, na alipaswa kusema hivyo. Wapo wanaoongeza na tozo ya huduma juu yake. Kwa hiyo unapouliza bei usiseme tu chumba ni kiasi gani. Uliza nitalipa jumla kiasi gani kwa usiku mmoja, kodi na tozo zote zikiwemo, na chai imo au haimo, kisha omba jibu hilo kwa ujumbe wa maandishi. Ujumbe huo ungekuwa nao, ungekuwa na kitu cha kuweka juu ya kaunta.

Kuhusu dola, tangu Machi 2025 kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zinakataza kutangaza bei au kudai malipo ya huduma za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Mwenzako ana haki ya kuandikiwa ankara ya shilingi.

Niliona nimsitiri yule binti

*Mwanangu, mimi ni mzee wa Kilwa Masoko. Nilimpeleka mke wangu Muhimbili, na kijana wetu akatulipia hoteli nzuri mjini. Usiku wa kwanza kiyoyozi kilidondosha maji kitandani. Nilichukua kile kindoo cha takataka nikakitega, nikawa naamka kukimwaga. Asubuhi binti wa mapokezi aliniuliza kama tumelala vizuri, nikasema vizuri. Alikuwa na adabu sana, nikaogopa asije akafukuzwa kazi kwa ajili yangu. Usiku wa pili ikawa vilevile. Kijana wetu amekasirika, anasema nilipoteza fedha zake. Nilikosea?*

Shikamoo mzee wangu, na Mwenyezi Mungu amjalie mama afya njema. Huruma yako ni ya watu wa kwetu, na barua kadhaa nilizopata zinafanana na yako: mgeni ananyamaza hotelini, kisha anasimulia nyumbani. Ninataka nikutoe hofu kuhusu yule binti, kwa sababu nimekaa kwenye kiti chake.

Mgeni anapotoa taarifa ya kiyoyozi, mpokezi huandika katika kitabu cha zamu saa, namba ya chumba na tatizo, akampigia fundi wa zamu, ambaye katika hoteli za namna hiyo hulala palepale. Kama hakitengenezeki, mgeni huhamishwa chumba, na wahudumu humbebea mizigo. Hakuna anayeulizwa kwa nini mgeni amelalamika. Mpokezi huulizwa pale ambapo hakuna kilichoandikwa kitabuni, halafu siku chache baadaye kijana wa mgeni anaandika mtandaoni kwamba mama yake mgonjwa alilala kwenye godoro lililolowa. Hapo ndipo binti huitwa ofisini, naye hana la kujitetea kwa kuwa aliuliza na akajibiwa vizuri. Tena kiyoyozi kile kilibaki kinadondosha juu ya aliyewafuata ninyi katika chumba hicho.

Ukisema ungali ndani, hoteli ina mengi ya kukupa: chumba kingine, chakula, usiku usiolipiwa, punguzo kabla ankara haijafungwa. Ukisema umekwisha kufika Kilwa, inachoweza kukupa kwa wepesi ni barua ya kuomba radhi. Kwa hiyo hata saa nane ya usiku, inua simu ya chumbani, useme kwa upole ule ule ulionao: mwanangu, kiyoyozi kinavuja, mgonjwa wangu yuko kitandani. Mpokezi akikawia, muombe meneja wa zamu.

Mwambie kijana wako asikasirike, badala yake aiandikie hoteli barua fupi, ataje tarehe, namba ya chumba na siku mbili za kuvuja, aambatishe risiti, na aombe sehemu ya malipo irudishwe. Kwa kuwa mlikuwa na mgonjwa wa Muhimbili, alitaje hilo pia. Nimeona barua za namna hiyo zikijibiwa kwa fedha au kwa usiku wa bure, hasa zikifika ndani ya mwezi mmoja.

Nilisahau miwani

*Nimerudi Newala, miwani yangu ya kusomea imebaki chumbani. Naweza kuipata?*

Piga simu leo uombe idara ya usafi wa vyumba, si mapokezi, kwa sababu vitu vinavyookotwa huandikwa na kuhifadhiwa huko kwa jina la mhudumu, tarehe na namba ya chumba. Miwani hutunzwa muda mrefu kuliko chakula au vipodozi, kwa hiyo tumaini lipo. Hoteli haitalipa gharama ya kuituma. Watumie ujumbe wenye jina kamili la ndugu yako aliyeko Dar es Salaam atakayekwenda na kitambulisho kuichukua, naye aiweke katika boksi gumu na kuikabidhi kwenye ofisi ya vifurushi ya basi la Newala, akiandika namba yako ya simu juu ya boksi.